Huenda Unamfahamu

Makindu, 30 Juni 2025

Kwako Mwaitu,

Pokea salamu zangu, na uwafikishie wote hapo nyumbani, nyanya yangu Susu Kaveke akiwa wa kwanza. Najua utashtuka kuona karatasi. Hakuna aliyekufa. Bahasha hii inaletwa na Dirie, binamu ya Nuradin mwenye duka ninalofanyia kazi. Anateremsha mbuzi kutoka Garissa hadi huku, na akirudi na lori tupu anapitia Kibwezi, Kitui na hapo Migwani. Amekubali kuniachia barua zangu dukani kwa Ndunge, na zako atazichukua hapo hapo.

Naandika kwa sababu simu imenichosha. Unajua kazi yangu hapa ni kubadilisha vioo na betri, na kuwafungia watu setingi. Mtu anakuja analalamika, "Dada, nilisema tu nataka godoro, sasa simu yote ni magodoro." Mimi naingia ndani, nazima hiki, nazima kile, namrudishia na kumwambia, "Sasa uko salama." Nimewaambia watu maneno hayo tangu mwaka juzi. Yangu mwenyewe nimeifunga mpaka hakuna kilichobaki cha kufunga. Isijue niko wapi, isisikie ninachosema, isione majina ya watu niliowahifadhi.

Sasa sikia. Jumatano nilifungua ule mtandao wa picha, na juu kabisa wakaniletea mtu. "Huenda unamfahamu," wanasema. Mwanaume wa makamo, Gedion Musembi, fundi wa pampu za maji, Kwa Vonza. Hatuna rafiki hata mmoja wa pamoja. Nilikuwa karibu kumpita, halafu nikaona anacheka kwenye picha, na jicho lake la kushoto limejifunga nusu huku la kulia likibaki wazi. Mwaitu, mimi ndiye ninayecheka hivyo. Umesahau shuleni waliniita Nusu Taa?

Nikamwondoa. Kesho yake akarudi. Nikamwondoa tena, na leo yuko pale pale.

Huyu ni nani? Ntheo yangu iko karibu, mbuzi wa posa wa kina Kiilu, mchumba wangu, wameshatengwa, na sitaki kuingia siku hiyo na jambo nisilolielewa. Nijibu kwa karatasi, usinipigie.

Ni mimi bintiyo,
Ndinda

*

Migwani, 6 Julai 2025

Ndinda mwanangu,

Barua yako ilifika ikinuka mbuzi, lakini ilifika. Sisi ni wazima, mvua hakuna, mbaazi tumevuna kidogo.

Huyo mtu simjui. Kwa Vonza kuna watu wengi, na wote wana macho.

Hasira zangu ni kwa hiyo simu. Si ni wewe Krismasi uliyeninyang'anya kabambe yangu ya vitufe ukaniletea hii ya kupapasa? Wiki iliyopita nilimwambia Ndunge dukani kwake kwamba natafuta mablanketi ya wageni watakaolala siku ya ntheo. Sikuandika popote, nilisema kwa mdomo wangu. Jioni kioo kizima kilikuwa mablanketi, mpaka ya watoto wachanga. Nimeizima, nimeifunga kwa leso, nimeitumbukiza kwenye debe la mahindi. Ikitaka kusikiliza, isikilize wadudu wakila.

Susu anatucheka. Yeye hana simu, anasema ni sikio la watu. Lakini akitaka kupiga, anaazima ya yeyote aliye karibu, kama mtu anayeazima chumvi. Pasaka alitumia yako, juzi ya Ndunge. Ukimkanya anakuuliza kama sauti yake itaimaliza.

Acha nikukumbushe jambo, na usilitaje mbele za watu. Mimi ni iweto. Susu alifiwa na mume kabla hajajaliwa mtoto, akanioa mimi, mwanamke mwenzake, kwa mbuzi na ng'ombe wake mwenyewe, ili boma la marehemu lisizimike. Ukazaliwa wewe, mtoto wa boma hilo. Mila yetu haiulizi mtoto wa iweto alitoka wapi. Susu mwenyewe aliniambia mara moja tu, "Nenda unakoona wewe, na ukirudi usinitajie jina." Nami sijalitaja mpaka leo.

Lakini kuna Mulwa, mtoto wa kaka ya marehemu, ambaye amelitamani shamba hili tangu alipojua kutembea. Siku mbuzi wa ntheo watakapopokelewa langoni kwa Susu, mbele ya ukoo, midomo itafungwa, na wewe utakuwa wa hapa bila swali. Akitokea mwanaume wa kuitwa babako kabla ya siku hiyo, Mulwa atasema mbuzi wapelekwe kwa huyo mwanaume, na wewe uwafuate, na mimi nikufuate wewe. Susu atabaki na nani?

Kwa hivyo huyo mtu usimguse. Na picha yake Susu asiione, itamuua.

Mamako,
Kanyiva

*

Makindu, 14 Julai 2025

Mwaitu,

Umesema humjui, halafu umejaza ukurasa mzima kunikataza nisimguse. Nani hukataza mtoto kugusa kitu ambacho hakipo?

Mambo yameharibika zaidi. Jumapili huyo Gedion ameniletea ombi la urafiki. Sijalikubali wala kulikataa, limekaa hapo likiniangalia. Na Kiilu, ambaye nilimsihi asiweke lolote mtandaoni, ameweka picha yetu sisi wawili na kuandika, "Ntheo yetu, 23 Agosti, Migwani." Nilipomfokea akasema, "Si nimeweka marafiki tu ndio waone?" Tukaangalia pamoja. Ile setingi ilikuwa imejirudisha kwa kila mtu. Anaapa hakuigusa, na kwa mara ya kwanza namwamini mtu anayeniapia hivyo, kwa sababu nimeona simu za wateja zikifanya hivyo hivyo. Chini ya picha kuna mioyo ya watu, na mmoja ni wa Gedion Musembi wa Kwa Vonza.

Nimekaa nikafikiri kama fundi, nikaweka pembeni kwamba mimi ni mwanao. Mtandao hauoti ndoto. Mtu akiruhusu, unachukua namba zote zilizo ndani ya simu yake na kuzilinganisha na za watu wengine. Mimi nimefunga mlango wangu, lakini namba yangu imelala katika nyumba za watu, na wao wakifungua, mimi niko nje. Hakuna setingi ya kuzuia hilo. Nimeitafuta mpaka Nuradin akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Maana yake ni kwamba huyo mtu ana namba yangu, na ameihifadhi. Mimi nimetafuta kwangu kote, jina lake halipo. Hapo Migwani namba yangu unayo wewe na Ndunge peke yenu, na Ndunge hana haja naye.

Mwaitu, ni wewe uliyempa?

Jana Sabrin, anayeuza vitambaa jirani na sisi, aliniletea simu yake nimfungie. Nikamfungia. Akauliza, "Sasa niko salama?" Nikamwambia amefunga upande wake. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kufuli bovu. Nina hasira, Mwaitu. Sijui nimkasirikie nani, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi.

Ndinda

*

Migwani, 27 Julai 2025

Ndinda,

Nilisoma swali lako, nikaweka barua chini, nikaenda kuteka maji ambayo sikuyahitaji.

Ndiyo, namjua. Usiniulize zaidi ya hapo. Nilikuficha kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa kuishi, na sitaomba msamaha kwa hilo. Lakini namba yako sikumpa, na yake sina. Tangu uingie tumboni mwangu sijaongea naye hata neno moja. Nikienda soko la Kwa Vonza tukakutana, tunapitana. Yeye anaangalia vitunguu, mimi naangalia njia. Tumepitana hivyo maisha yako yote, na usifikiri ni kazi rahisi. Sasa kidude cha plastiki kinakuja kutuambia "huenda unamfahamu", utadhani kinatusaidia!

Imeniuma kwamba ulinishuku mimi kabla ya yote. Basi, tuache.

Mulwa ameona. Aliuona ule moyo chini ya picha ya Kiilu, akaufuata mpaka kwa mwenyewe. Sasa anazunguka soko la Migwani na picha mbili ndani ya simu, yako na ya yule, anawaonyesha watu, "Hebu angalieni jicho." Wengine wanageuza uso kwa aibu, lakini wengine wanaangalia. Amewapelekea wazee wa ukoo, na wazee wamesema watakuja Jumamosi ya tarehe tisa kumuuliza Susu wenyewe.

Susu bado hajui. Kila jioni nafungua mdomo nimwambie, naye ananitangulia kuniuliza kama sufuria kubwa ya kanisa tumeipata. Ana furaha ambayo sijaiona kwake tangu ulipofaulu mtihani wa darasa la nane. Ameshona rinda jipya la kupokea mbuzi. Nitamwambiaje kwamba aliyekaa bila kuuliza miaka yote hii, sasa ataambiwa sokoni?

Wewe una ujuzi wa simu. Hakuna kitu cha kubonyeza ili Mulwa anyamaze? Najua hakuna. Nauliza tu kwa sababu nimefika mwisho.

Mamako

*

Migwani, 10 Agosti 2025

Ndinda mjukuu wangu,

Ni mimi Susu yako Kaveke. Anayeandika ni Ndunge. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Kwanza, mimi sijafa. Mamako alilia jana mpaka nikamwambia asogee, atalowesha unga.

Wazee walikuja. Mulwa akanipa simu niangalie picha. Nikaishika mbali kwa sababu ya macho yangu. Nikasema, "Huyu ni Musembi, fundi wa pampu. Amezeeka." Mamako akakaa chini pale alipokuwa amesimama.

Nyinyi mlifikiri mimi ni nini, kisiki? Nilimwambia mamako asinitajie jina. Sikumwambia nimefumba macho. Lile jicho nililitambua siku ulipocheka mara ya kwanza, ukiwa bado hujaota jino. Nikanyamaza. Jambo likitajwa lazima lijibiwe, lakini likinyamaziwa watu wanakula na kulala.

Sasa la namba. Namba ni mimi.

Pasaka ulipokuja kuniambia kuhusu Kiilu, ulisema watu wa mama yake walitoka Kwa Vonza zamani wakahamia Makindu. Mimi nikakosa raha. Kabla ya kupokea mbuzi lazima mtu ajue kwamba hawa watoto si damu moja. Upande wa boma hili wazee wangeuliza, hiyo ni kazi yao. Ule upande mwingine angeuliza nani? Mamako asingeweza, angeanguka. Kwa hivyo nikaazima simu yako, nikakuambia nampigia fundi wa tanki. Ni uongo? Si ni fundi? Namba yake imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye tanki la kanisa, nilikuwa nimeikariri, nikakutajia ukanibonyezea, nikatoka nayo nje. Nilijitaja, nikamuuliza neno moja tu, kama huyo Kiilu wa Makindu ni wao. Akasema, "La, mama, si wetu hata kwa mbali." Nikakata. Sikumwambia simu ni ya nani.

Jana wazee walipoondoka nilimpigia tena, kwa simu ya Ndunge. Anasema siku ile aliihifadhi ile namba akaandika Kaveke. Halafu mtandao ukamletea sura yako, kwa sababu namba ni yako. Naye hakuwa ameitafuta. Nilinong'ona mara moja maishani mwangu, na simu ikanichukulia mnong'ono wangu ikaupeleka sokoni. Andika, Ndunge, kwamba nimekasirika. Andika sana.

Mulwa akaniuliza, "Sasa mbuzi wa ntheo ni wa nani?" Nikamuuliza na mimi, "Siku nilipomwoa Kanyiva, ni nani aliyewaswaga mbuzi wangu mpaka kwao?" Nikamwambia, "Ni babako, Kaloki. Alitembea nao jua lote, akaketi kwa wazazi wa Kanyiva, akasema kwa mdomo wake, mtoto atakayezaliwa ni wetu. Akala nyama, akarudi na mguu mmoja wa mbuzi, na wewe ukaula ukiwa mtoto. Uliza hiyo simu yako kama ina picha ya siku hiyo." Wale wazee wawili wakubwa walikuwepo, na meno waliyotafunia ile nyama bado wanayo, ingawa machache. Wakaanza kucheka. Mulwa hakucheka, akatia simu mfukoni.

Mbuzi watapokelewa langoni kwangu. Njoo uvae vizuri. Na watu wote wa Kiilu wakifika, simu wataziacha langoni.

Susu yako,
Kaveke

*

Makindu, 2 Septemba 2025

Kwa Bwana Gedion Musembi,

Salamu. Atakayekukabidhi barua hii ni Ndunge, ambaye alikuwa na safari ya Kwa Vonza.

Ntheo imepita salama. Mbuzi walipokelewa na mwenye boma, na ukoo ukashuhudia, Mulwa akiwemo. Simu zilikusanywa langoni ndani ya kiondo, mpaka ya mchungaji. Hata hivyo kuna mmoja alificha yake ndani ya koti, na kufikia jioni picha yangu na Susu ilikuwa tayari imesambaa. Nimechoka hata kuuliza ni nani.

Nina ombi moja. Ile namba uliyoiandika Kaveke ni yangu. Tafadhali ifute.

Ombi lako la urafiki nimelikataa. Usilichukue kama dharau. Nimekuondoa kwenye kioo changu kila siku tangu Juni, na kila siku unarudishwa. Nilipojaribu kuifuta akaunti yenyewe, waliniambia watanisubiri siku thelathini, huenda nikabadilisha nia. Mimi ndiye ninayelipwa hapa Makindu kuwafungia watu simu, na nimeshindwa kufunga jambo moja la nyumbani kwetu. Najua na wewe hukuomba haya.

Mimi,
Ndinda wa Kaveke

*

Kwa Vonza, 11 Septemba 2025

Binti Ndinda,

Namba nimeifuta mbele ya Ndunge, akaona kwa macho yake. Kweli sikujua ni yako. Nilijua ni ya mama Kaveke, nikaihifadhi ili siku akipiga tena nisichelewe kushika.

Siku mtandao uliponiletea picha yako, sikukuona wewe kwanza. Nilimwona marehemu mama yangu. Alikuwa akicheka hivyo hivyo, na hakuacha picha hata moja. Nikabonyeza kabla sijafikiri, na ule moyo nao nikaubonyeza hivyo hivyo. Sina maelezo mengine. Najua kidole changu kiliwaletea shida nyumbani kwenu, na nimemwomba mama Kaveke msamaha.

Lakini kufuta hakujasaidia. Bado wanakuleta kila asubuhi, kabla hata ya habari za mvua. Juzi nikabonyeza kwamba nikuondoe. Wakaniuliza kwa nini, wakanipa majibu nichague. Ananisumbua. Ni akaunti ya uongo. Simfahamu. Nilikaa juu ya bomba la kisima cha watu nikitafuta jibu langu, na halikuwepo, mpaka mwenye kisima akaniita mara ya pili. Nikachagua kwamba sikufahamu, halafu nikashuka kwenda kufunga pampu.

Nimefurahi kwamba mbuzi walipokelewa panapostahili. Sitakutafuta, na Kiilu asiwe na wasiwasi.

Wakikuletea picha yangu tena, usihangaike kubonyeza kitu. Pita tu, kama mimi na mamako tunavyopitana sokoni.

Gedion Musembi,
fundi wa pampu